Tukate mikaratusi yenye viota vya korongo, au tusimamishe ujenzi?

*"Mtaalamu, shikamoo. Nasimamia saiti nje kidogo ya mji wa Mafinga. Tunajenga kiwanda cha kufungasha parachichi na kukamua mafuta yake, kiwanja ni ekari sita. Kwenye kona ya chini, upande wa bondeni, kuna mikaratusi saba mikubwa ya zamani. Tulipopima kiwanja mwezi wa tisa haikuwa na kitu. Sasa hivi, Februari, imejaa viota vya korongo wa kijivu, wale warefu wenye kichwa cheusi. Nimehesabu viota arobaini na kitu. Vingine vinaonyesha vichwa vya vifaranga, vingine ndege amelalia tu. Kwenye ramani hapo ndipo yanapokaa maegesho ya malori na jenereta. Mkandarasi anataka kuangusha miti wiki ijayo, anasema ndege wana mabawa, watahama wenyewe. Kijana mmoja wa saiti anashauri tuchome matairi usiku ili waondoke. Bosi ameniuliza kama viota vinaweza kuhamishiwa miti ya jirani, na anasema mikaratusi si miti ya asili na cheti cha mazingira tunacho, hivyo hakuna shida. Mimi nimekua na hawa ndege nyumbani kwetu, moyo unasita. Ila kinyesi chao kinanuka, na hapa ni kiwanda cha chakula. Nifanye nini?"*

Marahaba, ndugu yangu, na kamwene. Naona umebanwa kotekote: bosi anataka kazi iende, mkandarasi anahesabu siku za mitambo aliyokodi, na wewe ndiye utakayekuwa umesimama chini ya mti siku chenso itakapowashwa. Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Msikate wiki ijayo. Ujenzi nao msiusimamishe. Ile kona moja iacheni mpaka katikati ya Mei, kwingine kote endeleeni, na katika muda huo mrudisheni mchora ramani mezani. Kwa jinsi ulivyonieleza kiwanja, sioni kwa nini miti hiyo ikatwe kabisa.

Tuanze na ndege wenyewe. Huku kwetu kila ndege mwenye miguu mirefu ni korongo, na akiwa mweupe ni yangeyange, basi, maneno yameisha. Wa kwako vitabu vinamwita kulastara, na kwa hicho kichwa cheusi ulichokitaja ni kulastara kichwa-cheusi. Ukitaka uhakika, mtazame akiruka: chini ya bawa lake utaona rangi mbili zilizoachana wazi, nyeupe mbele na nyeusi nyuma. Ndugu yake wa kijivu, anayependa mito na mabwawa, bawa lake kwa chini ni kijivu tupu. Mimi nitaendelea kumwita korongo kama ulivyomwita wewe, tusije tukapotezana.

Tofauti hiyo ina maana kwako, kwa sababu huyu wa kichwa cheusi hahitaji mto. Utamwona katikati ya shamba la viazi au kwenye mahindi yaliyovunwa, amesimama kama mti mkavu, kisha shingo inafyatuka na panya ameisha. Anakula panya, panzi, vyura, mijusi. Manyoya yasiyosagika tumboni huyatapika kwa madonge. Ukiokota donge moja pembeni ya miti yenu na kulipasua kwa kijiti, utakuta manyoya ya panya yamesokotana kama uzi wa sweta kuukuu. Wakulima wa jirani wanalala salama kidogo kwa sababu ya hiyo mikaratusi saba, ingawa sidhani kama kuna aliyewahi kuishukuru.

Sasa kauli ya mkandarasi, kwamba wana mabawa. Mabawa anayo mama na baba. Yai halina, na kifaranga wa wiki tatu ana vijiti viwili vyenye manyoya ya kuchomoza. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa mahali fulani katika kanda hii hii, miti ikiwa imeshaangushwa asubuhi na mimi nikafika mchana. Vijana wa saiti walikuwa na huruma, nawapa haki yao: waliokota vifaranga wote waliokuwa hai wakawapanga kwenye kreti za soda, kreti tatu zikajaa. Wazazi walikuwa wamejipanga juu ya paa la stoo, kimya, wanatazama chini. Mpaka jioni hakuna hata mmoja aliyeshuka kulisha. Korongo hulisha kiotani. Kifaranga akiwa chini, kwa mzazi wake ni kama hayupo. Wa kwenye kreti walikufa karibu wote ndani ya siku nne, na walioanza kufa ni wale wadogo, usiku wa kwanza, kwa baridi.

Baridi ndiyo jambo ambalo watu wengi hawaliwazi. Kifaranga anatoka kwenye yai akiwa karibu uchi, na kwa siku nyingi za mwanzo mwili wake hauwezi kujipasha joto wenyewe. Mzazi ndiye blanketi. Mzazi akitimuliwa na mlio wa ghafla kwenye mvua ya Februari ya Mafinga, unayoijua wewe kuliko mimi, muda mfupi tu unatosha kuua. Na kama si baridi ni kunguru. Kunguru wanaijua miti yenu na wanangoja. Korongo wakiruka wote kwa pamoja, kunguru hushuka mara moja, na mayai ya rangi ya buluu iliyopauka huonekana kwa mbali yakiwa wazi. Ndiyo maana hata bila kukata mti mmoja mnaweza kuua koloni lote, yaani kundi zima la viota hivyo, kwa kufanya kazi vibaya chini yake. Vifaranga wakubwa, wale wanaoanza kutembea matawini, hatari yao ni nyingine: wakishtuka wanarudi nyuma, mguu unakosa tawi, wanaanguka.

Hapo utaona pia kwa nini yule kijana wa matairi asisikilizwe. Korongo akitimuliwa na moshi usiku ataruka ovyo na kugonga matawi au nyaya. Vifaranga hawataruka, watabaki kwenye moshi. Na moshi wenyewe wa matairi ni sumu kwa watu wenu wanaolala saiti.

Swali la bosi wako kuhusu kuhamisha viota ni la heshima, maana linatafuta njia ya katikati. Lakini kiota cha korongo si nyumba ya kubebwa. Ni rundo la vijiti vilivyolegezana, ukikiinua kinamwagika. Hata ukifanikiwa kukipandisha mti wa jirani kikiwa na kifaranga ndani, mzazi hafuati kiota. Anarudi pale alipokiacha, tawi lile lile. Yapo majukwaa ya viota vya kutengeneza. Kule Lake Renwick, jimbo la Illinois nchini Marekani, kwenye ziwa lililotokana na machimbo ya kokoto, miti ya viota ilikufa, watu wakasimamisha nguzo zenye majukwaa na korongo wakayatumia. Angalia lakini: nguzo ziliwekwa pale pale ndege walipokuwa wameshazoea, na ndege waliingia wenyewe. Hilo ni wazo la miaka ijayo, mikaratusi yenu itakapozeeka. Kwa vifaranga walioko juu sasa hivi halisaidii.

Basi hesabu ya muda, ambayo ndiyo utakayoibeba kwenda kwa bosi. Yai hulaliwa siku 23 hadi 27. Kifaranga hukaa kiotani siku 40 hadi 55, na baada ya hapo bado anarudi kulishwa kwa muda kidogo. Ugumu ni kwamba hawataga siku moja wote. Umeniambia vingine vina vichwa na vingine ndege amelalia. Huenda hao waliolalia wametaga juzi tu. Chukua huyo wa mwisho: siku 25 za yai, siku 55 za kifaranga, ongeza wiki mbili za tahadhari. Zinakuja siku 94, wiki kumi na nne kasoro. Kutoka leo hiyo ni katikati ya Mei.

Mkandarasi akisikia wiki kumi na nne atashika kichwa. Mwulize swali moja: Machi na Aprili, mvua ikiwa imeshiba udongo, greda lake litafanya nini kwenye ile kona ya chini, upande wa bondeni, kwenye udongo mwekundu? Mimi nimeona kijiko kikizama mpaka kwenye minyororo kwa mteremko mdogo kuliko huo, na siku tatu zikaenda kukitoa. Kona hiyo mngeishia kuifanya kiangazi hata kama isingekuwa na ndege. Hata akiwacheka ndege, tope analijua.

Tuje kwenye umbali, maana "iacheni kona" ni maneno mepesi mpaka utake kujua kona inaishia wapi. Mwaka 1995 watafiti wa Florida, Marekani, walipima ni umbali gani ndege wa aina hii wanaanza kuruka wakikaribiwa na watu, wakapendekeza mita 100 hivi kuzunguka koloni. Ndege wenu si wale wa Florida, na huyu wa kichwa cheusi ana sifa ya kuvumilia watu. Hujenga viota hata katikati ya miji, juu ya barabara. Lakini mita 100 ni mahali pazuri pa kuanzia. Na kwa kuwa miti iko konani, duara hilo kwenye kiwanja chenu ni robo tu. Nimelipigia hesabu: haifiki ekari mbili kati ya sita. Zinabaki nne za kuchimba msingi, kumwaga zege na kupandisha mabati.

Fungeni utepe kwenye huo mpaka, na ndani yake asiingie mtu. Nasema mtu kwa makusudi. Korongo huvumilia lori linalopita njia moja kila siku kuliko mtu mmoja aliyesimama chini ya mti ameinua uso juu. Anachoogopa zaidi ni kitu cha ghafla na kitu kinachomtazama. Kwa hiyo anzeni kazi za kelele upande wa mbali kabisa na miti, msogee polepole kadiri wiki zinavyokwenda. Mashine ya kushindilia msiiwashe asubuhi na mapema kwenye ukungu na manyunyu, wakati mzazi hatakiwi kuinuka kabisa. Jenereta la muda likae upande wa barabara. Taa za mlinzi zielekee chini. Kisha watazameni wenyewe watawaambia: wakiinua shingo tu na kubaki, mko salama, wakisimama viotani, rudini nyuma, mmoja akiruka na wengine wakamfuata, hiyo kazi isimame kwa siku hiyo na mpaka wenu uongezwe.

Ramani sasa. Umesema kona hiyo imepangiwa maegesho na jenereta, na niliposoma hapo nilipumua. Ingekuwa ni jengo la mashine au bwawa la maji, ningekuwa nakuandikia mambo mengine. Maegesho yanahamishika. Malori ya parachichi yana faida gani kushuka mpaka upande wa bondeni, kisha yapande na mzigo kwenye utelezi? Yakikaa juu, karibu na lango, dereva atakushukuru. Jenereta vilevile: mafuta yake yakimwagika huko chini, mvua inayapeleka moja kwa moja kwenye vinyungu, bustani za watu za bondeni. Kama kuna nguzo za umeme zitakazoletwa kiwandani, zisikatize kati ya miti na bonde, maana hiyo ndiyo njia yao ya kwenda kula, na ndege mwenye bawa pana akigusa nyaya mbili kwa wakati mmoja, ameungua yeye na mmekatikiwa umeme nyinyi.

Kuhusu kinyesi, hofu yako ina msingi na sitaki kuipunguza. Kinyesi cha korongo kina vijidudu visivyotakiwa karibu na chakula. Habari njema ni kwamba karibu chote kinaanguka wima chini ya viota. Sehemu ya kupokelea matunda ikiwa mita 100 kutoka hapo, na ina paa, tatizo kubwa limekwisha. Yanabaki madogo ambayo viwanda huyasahau: kreti tupu zisipangwe upande huo, matangi ya maji yafunikwe, na maji yanayotoka kwenye mabati msiyatumie kuoshea tunda. Harufu nitakuambia ukweli. Aprili itakuwa mbaya kuliko sasa, vifaranga wakishakuwa wakubwa na mabaki ya chakula yakianza kuoza chini. Kama upepo wenu unatoka bondeni, ofisi zisiwe na madirisha upande ule. Na mtu atakayesafisha chini ya miti baada ya msimu asifagie kavu. Kwenye kinyesi cha ndege kilichokauka huota ukungu ambao ukivutwa pamoja na vumbi unashambulia mapafu. Mwagieni maji kwanza, avae barakoa na glavu, kisha akusanye kwa koleo. Ni mbolea kali sana, iacheni ioze kwanza kabla ya kuigusisha na mche.

Kuna kitu hukuniuliza nami nitakitia humo humo. Miti ni chumba cha kulala. Jiko lao ni mashamba na lile bonde. Mnaweza kuihifadhi mikaratusi yote saba mkawapoteza ndege kwa kuliharibu bonde. Maji yanayotoka kwenye kukamua mafuta ya parachichi yana mabaki mengi ya tunda, na yakifika kwenye mfereji, vijidudu vinavyoyala hutumia hewa yote iliyomo kwenye maji. Vyura na viluwiluwi ndio wa kwanza kuondoka. Mjenge mtego wa mafuta na mabwawa ya kutibu maji hayo, na kabla ya kutiririsha chochote muwe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi zake ziko Iringa mjini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Pimeni. Huenda hata maegesho yenyewe yalikuwa yameshaingia ndani ya hizo 60, na hapo mazungumzo na bosi yatakuwa mafupi.

Tukiwa kwenye sheria, tuliweke sawa na lile la mikaratusi. Ni kweli mkaratusi asili yake ni Australia, na si mti wa kuulilia. Lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 haiulizi ndege amejenga kwenye mti wa kabila gani. Ndege na mayai yake ni wanyamapori, na kuwaua bila kibali ni kosa. Kibali cha kukata miti kutoka halmashauri kinahusu mti. Hakihusu kilichoko juu yake.

Na cheti cha mazingira mlichonacho, someni ripoti iliyokizaa. Naamini humo hakuna neno korongo, na wala simlaumu aliyeiandika kwa udanganyifu. Umesema mwenyewe mlipima Septemba. Ndege hawa hutaga kufuata mvua, na mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Septemba miti ilikuwa nyumba tupu ya watu waliosafiri. Angalau vijiti vilivyobaki kwenye panda za matawi na madoa meupe kwenye magome vingemwambia mtu anayejua, lakini wapimaji wengi huangalia udongo na maji, juu hawainui macho. Sasa mmejua. Cheti kimetolewa kwa hali iliyoelezwa, na ikionekana kuna athari ambayo haikuelezwa, kinaweza kusimamishwa au kufutwa. Njia salama ni nyinyi kuwa wa kwanza kusema. Andikeni barua kwa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira; ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, mkieleza mlichokuta, idadi ya viota, mpaka mlioweka na mabadiliko ya ramani mnayopendekeza. Barua ya kurasa mbili yenye picha. Bosi anaweza kuona mnajichongea. Mwambie kuwa jirani mwenye simu atapiga picha ya chenso na vifaranga muda wowote, na hapo mtakuwa mnajibu badala ya kueleza.

Nakuachia na upande wa pili wa mizani, usije ukanitumia kama fimbo. Korongo kichwa-cheusi hayuko katika hatari ya kutoweka. Wapo wengi kuanzia hapa mpaka Afrika Kusini. Mkiikata miti hiyo Julai ikiwa mitupu, hamtakuwa mmemaliza ndege duniani. Nimewahi kuona koloni lililokatiwa miti kiangazi likahamia mikaratusi ya shule, mwendo wa kilomita moja, na msimu uliofuata likawa kubwa vilevile. Nimeona jingine ambalo halikuonekana tena popote, na eneo zima lilikuwa limebaki bila mti mrefu. Kwa hiyo kama baada ya kugeuza ramani kila upande bado mti fulani lazima uondoke, mfanye hivi: msubiri mpaka viota viwe vitupu, mvikague mara mbili kwa kupishana wiki moja, awepo afisa wanyamapori wa halmashauri, na kazi iishe kabla ya Oktoba. Kateni wenye viota vichache, muache mitatu au minne iliyobeba wengi. Na kabla ya kuangusha, angalieni kama jirani kuna miti mirefu ya kuwapokea; Mafinga hamna uhaba wa miti, ila mingi ni ya kuvunwa, na ya kuvunwa leo ipo kesho haipo.

Hata mkiiacha yote, pandeni mingine msimu huu. Kinyesi huunguza miti taratibu, na hiyo yenu ikishabeba viota miaka mingi itaanza kukauka kuanzia juu. Juu kidogo ya bonde, nje ya zile mita 60, wekeni mchanganyiko: mikaratusi michache kwa sababu inawahi, na mikuyu kwa ajili ya wajukuu.

Mambo machache msiyatatue kwa maandishi yangu. Tawi kubwa likiwa limepasuka juu ya njia ya watu, mti ukianza kulala, au mkigundua kwenye viota kuna ndege wa aina nyingine wamechanganyika, mwiteni afisa wanyamapori aje aone kwa macho. Akishindwa atawaunganisha na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kifaranga akianguka, mtu asipande mti kumrudisha, maana atawaangusha wengine watano. Muwekeni kwenye kreti yenye majani, kivulini, msimpe ugali wala maziwa, na mpige simu. Anayemshika awe na miwani, amkamate shingo nyuma ya kichwa. Mdomo wa korongo ni kisu, na hulenga jicho, hata wa wiki tano.

Jumamosi asubuhi, kabla mitambo haijawashwa, simama mita 100 kutoka kwenye miti na darubini. Chora miti saba kwenye karatasi, kila kiota kipe namba, na kwa kila namba andika herufi moja: L kama ndege amelalia, V kama unaona vifaranga, T kama kitupu. Rudia kila Jumamosi. Ukiona maganda ya mayai kwenye nyasi pembeni, safi, yamekatika kati kama kikombe, hayo yametotoa. Yaliyovunjika ovyo yenye ute ndani ni kazi ya kunguru, na yakianza kuwa mengi ujue kuna mtu anaingia ndani ya utepe. Karatasi hizo ndizo zitakazomwambia bosi, NEMC na mkandarasi lini kona imefunguka, bila kubishana.

Na yule kijana wa matairi, mpe yeye daftari. Mtu anayewaza usiku kucha jinsi ya kuwaondoa ndege, ana macho ya kuwahesabu.